Kumbukumbu ya Kompyuta: Tupime Kabla ya Kununua

Kompyuta nyingi za shule zetu hufika zikiwa zimekwisha kutumika mahali pengine kwa miaka kadhaa. Zinapoanza kujikokota, shauri linalotolewa ni moja: ongezeni kumbukumbu. Shauri hilo laweza kuwa jema, lakini likifuatwa bila uchunguzi hula fedha bure.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule iliyonunua vibao kumi vya kumbukumbu kwa michango ya wazazi. Vilipofika, hata kimoja hakikuingia katika mashine. Muuzaji hakuwa na kosa. Sisi wenyewe tuliagiza kwa kutaja ukubwa, tukasahau kutaja aina.

Ieleweke kwamba kumbukumbu ya kazi ni kama meza ya mwanafunzi, na diski ni kama kabati la vitabu. Meza ikiwa finyu, mwanafunzi hushinda akienda na kurudi kabatini. Lakini meza yenye nafasi tupu haileti kasi kwa kupanuliwa. Basi hatua ya kwanza ni kufungua kwa pamoja programu zote zinazotumika darasani, kisha kutazama kipimo cha matumizi ya kumbukumbu. Ikiwa sehemu kubwa ingali tupu, ugonjwa uko kwingine, pengine katika diski iliyochakaa.

Hatua ya pili ni kuitambua aina. Katika kompyuta za mezani, kibao cha DDR3, aina iliyotokea mwaka 2007, kina pini 240 na hutumia volti 1.5. DDR4, iliyoingia sokoni mwaka 2014, ina pini 288 na hutumia volti 1.2. DDR5 nayo ina pini 288, ila pengo lake limewekwa mahali pengine makusudi, ili isichomekwe penye nafasi ya DDR4. Vibao vya kompyuta mpakato ni vifupi zaidi, wala haviingiliani na hivyo.

Hatua ya tatu ni kuchunguza mfumo endeshi. Anwani yenye biti 32 yaweza kutaja baiti 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4. Kwa kawaida, mashine yenye mfumo wa namna hiyo hainufaiki na kumbukumbu inayozidi kiasi hicho.

Kwa maoni yangu, uchunguzi huu wakabidhiwe wanafunzi wenyewe, chini ya uangalizi wa mwalimu. Wazime mashine, wachomoe waya wa umeme, waguse chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo wasome maandishi yaliyo juu ya kibao na kuyaandika daftarini. Humo watakuta vipeo vya 2 vya somo la hesabu na volti za somo la fizikia, na shule itapata orodha sahihi ya kupeleka dukani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tuiulize kwanza mashine, kisha tufungue mkoba.