Ada Tumelipa, Maktaba Hawaijui

 

Ndugu zetu katika imani, kila mwaka, Oktoba inapoingia Novemba, mambo mawili hukutana katika uwanda wetu wa Makonde. Minada ya korosho hufunguliwa, na vyuo vikuu huanza kupokea wanafunzi wapya. Mzazi wa Kitama, wa Mahuta au wa Luagala hana mahali pengine pa kutoa ada ila mikorosho yake. Hupeleka mzigo katika chama cha msingi, mzigo ukaenda ghalani, ghalani ukasubiri mnada, na baada ya mnada akasubiri benki. Wenye subira husubiri. Waliobanwa huuza kwa kangomba kabla korosho hazijaanguka, wakapata nusu ya haki yao. Kwa vyovyote vile, kijana hufika chuoni wiki mbili au tatu baada ya wenzake.

Wengi wetu hudhani kuwa alichokosa kijana huyo ni mihadhara michache, na kwamba daftari la mwenzake litamtosheleza. Sivyo. Alichokosa ni zile siku za mwanzo ambazo wakutubi wa chuo huwachukua wageni na kuwafundisha namna ya kuitumia maktaba: jinsi ya kutafuta kitabu katika orodha, jinsi ya kuingia katika majarida ya kitaaluma ambayo chuo kimeyalipia, jinsi ya kupima andiko kama ni la kutegemewa, na jinsi ya kutaja rejea bila ya kuiba maneno ya mtu. Daftari la mwenzake halina mambo haya. Naye kijana, kwa haya na kwa kuogopa kuonekana mshamba, haulizi. Ametoka katika shule ambayo maktaba yake ilikuwa kabati moja lililofungwa kwa kufuli, kisha anaingia katika jengo kama lile la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililofunguliwa Novemba 2018, lenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Atauliza wapi, na ataanza na nani?

Tunayasema haya kwa kuwa tumeyaona. Kijana wetu mmoja, aliyesomeshwa kwa korosho za baba yake na michango ya msikiti, alituletea tasnifu yake ya shahada ya kwanza ili nasi tufurahi pamoja naye. Mada ilikuwa kuenea kwa Uislamu katika Newala na Tandahimba. Katika ukurasa wa pili aliandika kuwa hakuna mtu aliyewahi kuandika lolote la maana juu ya jambo hilo. Tulisikitika, kwani mwaka 2008 Felicitas Becker alichapisha kitabu kizima juu ya namna watu wa Tanzania Bara walivyosilimu tangu 1890 hadi 2000, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kusini hii hii yetu, kwa kutegemea masimulizi ya wazee wetu. J. Gus Liebenow aliandika juu ya utawala wa kikoloni na siasa za Wamakonde mwaka 1971. Hata Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliacha kitabu. Ndani yake mna dharau nyingi kwa babu zetu, lakini msomi husoma hata maneno ya anayemdharau, apate kujua kilichoandikwa na akijibu. Ukiacha vitabu, yako majalada ya serikali ya kikoloni katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na maandishi yaliyotunzwa katika sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanafunzi wa historia asiyeelekezwa huko atakwenda katika intaneti, ataandika maneno matatu, na asipopata kitu atahukumu kuwa kitu hicho hakipo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kila fani ina njia yake ya kutafuta, na anayeijua njia ya fani moja si lazima aijue ya nyingine. Chukua korosho yenyewe. Kijana wa kilimo akiandika neno korosho katika simu yake, ataletewa bei za minada na matangazo ya wanunuzi. Akifundishwa na mkutubi kutafuta kwa jina la kisayansi la mkorosho, Anacardium occidentale, atafunguliwa mlango wa utafiti wa miaka mingi, ukiwamo wa kituo chetu cha Naliendele. Akitafuta ubwiriunga hana budi kujua kuwa kimelea chake kimeitwa Oidium anacardii katika maandishi ya zamani na Pseudoidium anacardii katika mapya. Akilijua jina moja tu, nusu ya elimu itampita. Mambo haya hayatambuliwi kwa akili peke yake, hata akili iwe kali namna gani. Hufundishwa. Morogoro ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991, na tangu mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekuwa na mpango wa AGORA unaozifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya kilimo bure au kwa malipo madogo. Wenzao wa tiba walitanguliwa na HINARI mwaka 2002. Milango hiyo ipo kwa ajili ya watoto wa mkulima, nao hupita mbele yake bila kujua kuwa ni milango.

Tena ipo hatari ya kuishia katika fani moja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mwenye kusoma kilimo peke yake atasema ni ubwiriunga. Mwenye kusoma uchumi atasema ni bei duni aliyolipwa mkulima. Mwenye kusoma historia atakumbusha kuwa katika miaka hiyo ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na pori. Wazee wetu waliyashuhudia yote matatu. Je, nani atayaandika yote matatu kama si mtoto wa hapa aliyefundishwa kutafuta katika rafu zote tatu?

Na vipi kuhusu mirathi? Sote tunajua mvutano uliopo katika nyumba zetu baina ya sheria ya Allah na mila ya ukoo wa kikeni, ambayo kwayo mpwa hudai mali ya mjomba na mtoto wa marehemu akatoka mikono mitupu. Mwanafunzi wa sharia anayetaka kulisaidia jambo hili anahitaji vitabu vya faraidh, naam, lakini anahitaji pia hukumu za mahakama za nchi, ambazo siku hizi husomwa bure katika hazina ya TanzLII. Tumekutana na wahitimu wa sheria ambao hazina hiyo walielekezwa na rafiki baada ya kumaliza chuo.

Yasije yakadhaniwa kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Jabir bin Abdullah (R.A.) alinunua ngamia akasafiri mwendo wa mwezi mzima hadi Sham kwa Abdullah bin Unays (R.A.) kwa ajili ya hadithi moja. Maulamaa wa hadithi waliweka elimu ya wapokezi, wakaweka na elimu ya takhriji, yaani kuitoa hadithi ilipo na kuonesha nani kaipokea na kwa daraja gani. Takhriji ni nini kama si ustadi wa utafiti wa fani maalumu? Na wenzetu hao hawakuwa na taasubi katika zana: Muhammad Fuad Abdul-Baqi alipoona kuwa Mholanzi Wensinck ametunga faharasa ya kutafutia hadithi, aliifasiri kwa Kiarabu ili umma unufaike.

Leo hali yetu ikoje? Katika mimbari zetu husomwa hadithi zilizotumwa kwa simu, hazina kitabu wala mpokezi, na jamaa huitikia kwa takbira. Mwalimu anayefanya hivyo hana haki ya kumlaumu mwanafunzi wa chuo aliyenakili kurasa kumi bila ya kutaja mwenyewe, akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wamejifunza kwetu. Tunajiandikia wenyewe kabla ya kuwaandikia wengine, maana gazeti hili nalo limewahi kuchapisha hadithi ambayo tuliporudi kuitafuta hatukuiona popote.

Historia ina sehemu yake. Wamisionari walifika Masasi mwaka 1876, wakajenga shule, na katika shule hizo palikuwa na vitabu. Wazee wetu waliogopa, kwa haki, kuwa mtoto akipelekwa huko atabadilishwa dini. Waliilinda imani, nasi tunawaombea malipo mema. Lakini hofu ile ilituachia nyumba zisizo na rafu ya vitabu, na hofu yenyewe imekwisha kazi yake. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kipo tangu mwaka 2005, na vyuo vya umma haviulizi dini mlangoni.

Tunawaomba basi maimamu wa Tandahimba, Newala na Masasi, kuanzia mwezi wa Agosti, wawatangazie wazazi baada ya sala ya Ijumaa kuwa fedha ya nauli na ya wiki za kwanza itengwe mapema, hata kama ada yenyewe itasubiri mnada. Kamati za misikiti zilizo na mfuko wa elimu zinaweza kukopesha nauli hiyo na kurejeshewa korosho zikilipwa. Wahitimu wetu wanaorudi likizo wakae baada ya Isha na vijana waliomaliza kidato cha sita, wanaume kwa wakati wao na wanawake kwa wakati wao, wawaoneshe kwa simu hizo hizo namna ya kutafuta. Na aliyekwisha kuchelewa ajue kuwa mkutubi yupo mwaka mzima. Aende kwenye meza yake, ataje fani anayosoma, aombe kufundishwa. Dada zetu tunawasisitizia zaidi, kwani ndio wanaonyamaza zaidi.

Ama yule kijana wa tasnifu, tulimrudishia kazi yake pamoja na majina ya vitabu vile vitatu. Ametujibu kuwa viwili amevikuta katika maktaba ya chuo chake hicho hicho, ghorofa moja juu ya chumba alichokuwa akijisomea kwa miaka mitatu.