Nkome hatukufuata urahisi

Nilikuwa kimya kwa sababu ya test, sasa nimepumua kidogo, ingawa nimepata 4 kati ya 10. Sikilizeni kisa.

Tulifundishwa modeli ya Davis ya 1989: mtu huipokea teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Mhadhiri akaipachika kwenye M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007 na kuingia kwetu 2008. Darasa zima likaandika. Mimi nikabisha kwenye karatasi, maana namjua mama yangu.

Jamani, mama anauza dagaa Nkome. Menyu ya simu hajawahi kuifikisha mwisho. Namba ya siri anamtajia wakala kwa sauti, foleni nzima inasikia! Huo urahisi uko wapi? Alijisajili kwa sababu kaka alikuwa machimboni, na hela aliyompa kondakta ilikuwa ikifika pungufu au isifike kabisa. Halafu mnunuzi wa dagaa kutoka Mwanza akasema hatembei tena na cash. Ungefanyaje? Mama alifuata hela ilikokwenda, basi. Na wakala mwenyewe ni jirani, msibani tunapika naye. Mama anamwamini yeye, kampuni haijui hata ofisi yake ilipo.

Mnabisha? Kumbukeni Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza. Menyu ilikuwa ileile, urahisi uleule. Lakini kwetu bahasha za kondakta zilirudi, pamoja na upungufu wake wote! Serikali ikapunguza asilimia 30 Septemba ileile, na ikaendelea kupunguza 2022. Hivi walipunguza ugumu wa menyu au bei?

Kinachoniudhi zaidi ni zile tasnifu za maktaba. Karibu kila moja inamalizia "wananchi wapewe elimu". Elimu gani? Mama anajua makato ya kila kiwango kuliko mimi ninayesomea biashara. Akiomba elfu kumi anamalizia, "na ya kutolea, mwanangu." Hiyo "ya kutolea" kila Mtanzania anaijua, ila kwenye handout yetu haimo.

Nimekata rufaa ya maksi, nasubiri. Na bumu bado halijatoka, mama ameshapiga mara mbili.