Supu ya Nyama na Kabichi: Usipike Vyote kwa Pamoja

Wadau mnaouza chakula kwa status na kutuma kwa boda, leo naongea na nyie wa supu. Wengi mkishanunua presha kuka mnatumbukiza kila kitu kwa pamoja: nyama, viazi, karoti, kabichi. Mnafunga, dakika 40, mnapakua. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wateja wanapowakimbia.

Ndani ya presha kuka joto linafika karibu nyuzi 120. Sufuria ya kawaida inaishia kwenye 100. Ndiyo maana nyama ya mifupa iliyokuwa inakaa saa mbili mkaani inalainika kwa dakika 35 hadi 40. Lakini kabichi haina shida hiyo. Ukiipika muda wote wa nyama inakuwa uji, tena inatoa ile harufu nzito ya salfa. Mteja anafungua kontena ofisini, wenzake wanageuka. Hatakulalamikia. Atanyamaza tu, na oda ya pili huioni.

Fanya hivi: nyama kwanza, na kitunguu, tangawizi, chumvi na maji. Usipitishe theluthi mbili ya chombo. Ikiiva, acha mvuke utoke wote ndipo ufungue. Usilazimishe mfuniko, utaungua. Weka viazi na karoti, chemsha bila presha mpaka vilainike. Kabichi iwe ya mwisho, vipande vikubwa, dakika 5 tu. Kwa oda ya mbali, itoe ikiwa bado ngumu kidogo, maana supu ya moto inaendelea kuipika humo humo kwenye kontena. Ndimu weka pembeni, mteja akamue mwenyewe.

Kuna atakayesema, "Unaniongezea kazi." Kweli, ni kama robo saa hivi. Ila piga hesabu: presha kuka ya umeme ya wati 1000 ikiwaka saa nzima bila kukata inakula uniti 1, na kwa kawaida haiwaki muda wote. Linganisha na mkaa unaonunua wewe. Faida ya mashine umeshaipata kwenye nyama. Kung'ang'ania kuokoa na ile robo saa ya mboga ni kubana senti na kupoteza mteja wa kila wiki.

Wewe kabichi unaiweka saa ngapi? Tuambie hapo chini, wenzako wajifunze.