Picha haina kinywa: nani anasimulia watoto wetu historia ya Lubumbashi?



Siku hizi mu masomo yetu, hapa Golf na mu mitaa mingine ya mji, kumeingia namna mpya ya kufundisha historia. Mwalimu anapanga picha mu kompyuta: M'siri, bomba la moshi la Gécamines, Tshombe, Lumumba. Chini ya kila picha anaandika maneno machache. Halafu anabonyeza, na programu inayasoma kwa sauti iliyotengenezwa na mashini. Picha zinapita ukutani, sauti inasema, mwalimu anakaa kimya. Wazazi wanafurahi: «Masomo ya batoto betu inaendelea!» Mimi nasema: picha, ndiyo. Ile sauti, hapana. Na nitaeleza juu ya nini.

Sikatai kompyuta. Mabuku ni machache, wanafunzi wamejaa mu kalasi, na umeme wa SNEL unakuja wakati unataka. Mtoto akiona msalaba wa shaba mkubwa ukutani, anaelewa haraka kuliko nikimchorea na chaki. Tena mwalimu aliyesema tangu asubuhi, sauti inakwisha. Anayemcheka hajui kazi yetu.

Lakini kusimulia historia na picha hakukuanza na kompyuta. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa: kibao cha mti, kipimo cha mkono, chenye shanga na simbi. Watu wa chama cha mbudye walikishika mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kilifuata shanga moja moja. Shanga hii mfalme, ile njia, ile kijiji. Kibao chenyewe hakikusema neno. Aliyesema ni mtu aliyefundishwa miaka mingi, na alijua anasema mbele ya nani. Shanga zilikuwa zilezile, lakini masimulizi yalifuata siku na wasikilizaji. Ile njo desturi yetu: picha inakumbusha, mtu anajibu.

Mu mji wetu pia ilikuwa hivyo. Mu 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Zaire mu tablo karibu mia moja, na kila tablo aliieleza kwa kinywa chake, mu Kiswahili cha hapa. Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha ku campus ya Lubumbashi, aliuliza na kunasa mazungumzo. Yalitoka mu kitabu mu 1996. Tshibumba alijiita mwana historia, hakujiita mchoraji tu. Ukiondoa sauti yake, ukaweka ya mashini, unabaki na nini? Unabaki na rangi juu ya kitambaa.

Sasa tuangalie lugha. Sauti za Kiswahili zinazopatikana mu programu nyingi ni za Kenya na Tanzania. Ni Kiswahili kizuri, hatukichukii. Lakini si kile bibi ya mtoto anasema ku Kamalondo ao ku Katuba. Wengine wanachagua sauti ya Kifaransa, inayotamka Bunkeya sawa na mgeni aliyeshuka leo ku Luano. Mu 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya watu waliofanya kazi mu nyumba za wazungu. Aliiandika mu Kiswahili cha mji huu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mufwankolo na wenzake walichekesha na kufundisha mji mzima mu lugha hiyohiyo. Na sisi wenye diploma njo tunaifukuza mu kalasi? Mtoto anajifunza somo la pili ambalo hatukuliandika: historia ya kweli inasemwa na watu wa kwingine.

Lakini kuna jambo zito kuliko lugha. Tarehe 9 Desemba 1941, ku uwanja wa mpira, askari walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma. Hesabu ya wafu ya wakubwa na ile ya wazee hazikupatana. Mashini inasoma namba moja, kwa sauti ileile inayosoma urefu wa mto. Mu 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa mu jimbo letu, lililoitwa Shaba wakati ule. Wengi walilala ku gare wakingojea treni. Leo watoto wa waliofukuzwa na watoto wa waliobaki wanakaa ku banki moja. Mashini haioni mtoto aliyeinamisha kichwa. Mtoto akiuliza: «Baba yangu alisema ingine», nani atamjibu?

Kuna watakaosema: wazee nao wanasahau, wanaongeza chumvi, kila mmoja anavuta upande wa kabila lake. Ni kweli. Lakini mzee unaweza kumuuliza: «Ulikuwa wapi siku ile? Nani alikuambia?» Unaweza kumweka mbele ya mzee mwingine wakabishana, na mwanafunzi akajifunza kupima maneno. Ile njo kazi ya historia. Sauti isiyo na jina haibishani, inaaminiwa tu.

Basi, walimu wenzangu, tufanye hivi. Picha tuzipange mu kompyuta. Sauti tuinase na telefone zetu: mzee aliyefanya Gécamines, mama aliyeuza ku soko ya Kenya, yeyote anayekubali kusikiwa. Mu mwanzo tuseme ni nani, alizaliwa mwaka gani, na aliona mwenyewe ao alisikia. Kila jambo la mabishano, sauti mbili. Mu mwisho picha zisimame, mwalimu asimame naye, watoto waulize. Haihitaji feza nyingi. Inahitaji kutembea mpaka ku nyumba ya mzee, na kwenda mapema, sababu wazee hawatungojei.