Dawa ya magugu kwenye chupa ya soda: kinachokausha jani huua na mapafu

Mzazi, mvua zinapokaribia, kuanzia Daa hadi Endabash na Mbulumbulu, mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi huanza kusafishwa. Zamani ilikuwa kazi ya jembe. Siku hizi wengi hubeba bomba mgongoni na kupuliza dawa ya magugu, na inayobaki hurudi nayo nyumbani.

Moja ya dawa hizo inajulikana duniani tangu miaka ya 1960: parakwati. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Ukielewa inavyoua jani, utaelewa kwa nini haitakiwi kukaa karibu na mtoto.

Jani linapotumia jua kujitengenezea chakula, ndani yake huzaliwa pia oksijeni kali, kama cheche zinavyoruka kwenye moto wa kuni. Cheche hizo huunguza seli. Kwa hiyo kila seli ina kikosi chake cha zimamoto, kinachoitwa antioksidanti: vimeng'enya vinavyozigeuza cheche kuwa maji na oksijeni ya kawaida, vikisaidiwa na vitamini C na kemikali iitwayo glutathioni. Ukame, baridi au kemikali vikiusumbua mmea, kikosi hiki huongezwa.

Parakwati hukizidi nguvu. Inaiba nguvu ya jua ndani ya jani na kuipa oksijeni, cheche zinazaliwa, kisha inarudi kuiba tena. Yenyewe haiishi, bali akiba ya jani ndiyo inayokwisha. Seli hupasuka, maji huvuja, na jua likiwa kali magugu hunyauka ndani ya saa chache.

Sasa tumtazame mtoto. Seli zetu nazo zina vimeng'enya vya aina hiyo, vitamini C na glutathioni, na parakwati huzizidi kwa njia ileile. Ikimezwa, seli za mapafu huivuta kutoka kwenye damu na kuilimbikiza, mahali ambapo oksijeni ipo tele. Ndiyo maana madaktari huwa waangalifu hata kumwekea mgonjwa wa sumu hii oksijeni, kwani inaweza kuchochea moto.

Funda moja la dawa ambayo haijachanganywa na maji linaweza kumuua mtu mzima, na hakuna dawa ya kuibatilisha sumu hii. Machungwa, maziwa au juisi ya mboga havitamwokoa. Mtoto anaweza kuonekana ana nafuu siku ya kwanza, kisha figo na mapafu vikashindwa siku zinazofuata.

Kwa hiyo kinga ni nyumbani:

• Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda, ya maji wala dumu la mafuta ya kula. Mtoto mwenye kiu hasomi, anatazama chupa.

• Iache kwenye chombo chake chenye lebo, uifungie kwa kufuli, mbali na jiko na chakula.

• Chombo kikiisha dawa, usikichotee maji. Kitoboe kisitumike tena.

• Nguo za aliyepuliza zifuliwe peke yake, si pamoja na za watoto.

• Ikimwagikia mwilini, vua nguo haraka na uoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka.

• Mtoto akimeza, hata kidogo, usimtapishe, maana dawa itamuunguza koo mara ya pili. Usisubiri dalili. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, ukibeba chupa au lebo ili daktari ajue anapambana na nini.

Leo kabla ya kulala, pita stoo na chini ya kitanda. Ukikuta chupa isiyo na lebo na hujui kilichomo, ifungie mbali na watoto, na kesho muulize bwana shamba namna ya kuiteketeza kwa usalama. Usiimwage mferejini wala karibu na kisima.