Mvumbuzi asifungie mashini yake: funzo la Norman Dean

Mwaka wa 1959, serikali ya Marekani ilimpa Norman Dean hati ya kulinda uvumbuzi, ile wengi wanaiita breve. Dean hakuwa profesa wala injinia wa roketi. Alikuwa mfanyakazi wa serikali huko Washington, kazi yake ilikuwa kukadiria bei ya nyumba. Lakini alidai kwamba ametengeneza mashini inayojisukuma yenyewe, bila kutupa kitu chochote nyuma.

Dai hilo si dogo. Kila kinachoenda mbele kinasukuma kitu kingine nyuma: mvuvi anasukuma maji kwa kafi, roketi inatupa moshi. Hiyo ndiyo sheria Newton aliandika mwaka wa 1687. Kama Dean angekuwa na haki, safari za anga zingebadilika kabisa.

Mwaka wa 1960, John W. Campbell, mhariri wa gazeti la hadithi za sayansi, alimtetea kwa nguvu. Alichapisha picha ya mashini hiyo ikiwa juu ya mizani ya kupimia watu, akisema kwamba inapowashwa uzito unapungua. Wengi walisadiki. Wengine walicheka tu, kwa sababu mtu huyu hakuwa na diploma ya fizikia.

Pande zote mbili zilikosea. Diploma haipimi mashini. Na breve pia haihakikishi kwamba kitu kinafanya kazi. Inalinda tu haki ya mwenyewe. Hata ile mizani haikutosha: mashini yenye vyuma vinavyozunguka inatetemeka, na mtetemo unavuruga springi ya mizani. Mtu akijirusharusha ndani ya mtumbwi, unaweza kusogea kidogo, lakini ni kwa sababu maji yanaushika. Angani hakuna maji wala sakafu.

Kulikuwa na njia rahisi ya kumaliza ubishi: kuitundika mashini kwa kamba na kuangalia kama inabaki imeegemea upande mmoja. Lakini Dean aliwawekea wataalamu masharti ya pesa kabla ya kuwaachia waichunguze kwa uhuru. Alikufa bila mtu mwingine kuthibitisha dai lake.

Tofauti na hayo, angalia mashini iitwayo EmDrive, wazo la injinia Mwingereza Roger Shawyer. Mwaka wa 2016, kikundi cha watafiti wa NASA kilitangaza kwamba kimeona msukumo mdogo. Chuo kikuu cha Dresden, Ujerumani, kikaunda mashini ya namna hiyo na kuipima upya. Mwaka wa 2021 kikatoa jibu: msukumo haukuwepo, ni joto lililopotosha vipimo. Jibu lilikuwa chungu, lakini lilipatikana.

Fundi anayejifunza peke yake anastahili heshima, na heshima ya kwanza ni kumpimia kazi yake bila kuuliza alisoma wapi. Lakini naye ana deni: akiisha kulinda haki yake kwa hati, afungue mlango. Anayeogopa mizani ya wengine hajalinda uvumbuzi wake. Amelinda ndoto tu, na inaweza kumla maisha yote.