Kiangazi Chenye Ngurumo: Tafsiri na Pepo za Pwani

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Methali hii hukaririwa madarasani tangu shule za msingi hadi vyuo vikuu, na aghalabu hufafanuliwa kwa maana yake ya ndani pekee, kwamba kila tukio huwa na ishara zake. Ni nadra mwanafunzi kuulizwa maana yake ya nje: ni mawingu ya namna gani, yameletwa na upepo upi, na katika msimu upi wa mwaka. Wenyeji wa mwambao wa Afrika Mashariki waliyajua majibu hayo kwa sababu safari, uvuvi na kilimo chao vilitegemea kuyajua. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo aghalabu hayajui, na kutojua huko kunaziharibu tafsiri, na kunaweza kuyaharibu hata matangazo ambayo uhai wa watu huyategemea.

Mfano mmoja wa tafsiri unatosha kulibainisha tatizo. Rasi ya Florida, nchini Marekani, imezungukwa na bahari pande tatu. Kati ya Juni na Septemba jua huipasha joto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya bara hupanda, na hewa yenye ubaridi kiasi kutoka Atlantiki na Ghuba ya Mexico huingia kushika nafasi yake. Alasiri pepo hizo mbili za baharini hukutana ndani ya rasi, hewa husukumwa juu zaidi, mawingu hurundikana, na mvua za radi hunyesha mahali fulani karibu kila siku. Msimu huo Wamarekani huuita kwa jina ambalo kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili hulifasiri kuwa kiangazi. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika kwamba huko Florida mvua na ngurumo huzidi wakati wa kiangazi. Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi. Hata hivyo, kwa msikilizaji wa Kilifi au Kitui, ni sawa na kuambiwa kwamba jua huwaka usiku.

Kiangazi katika Kiswahili hakijapata kuwa jina la miezi ya katikati ya mwaka. Ni wakati wa ukavu na jua kali, ambao katika mwambao huangukia baina ya mwisho wa Desemba na Machi, mvua za vuli zikiwa zimekatika na masika hayajaingia. Juni na Julai, miezi ambayo Mzungu hutafuta kivuli, mkaazi wa Mombasa huwa katika kipupwe, wakati wa baridi ya kadiri. Nacho kipupwe, kwa bahati mbaya, kimetwikwa mzigo wa theluji. Wanafunzi wengi huandika kwamba theluji huanguka Ulaya wakati wa kipupwe, ilhali usiku wa kipupwe wenyewe, pale Mombasa, joto huteremka hadi karibu nyuzi 20 tu. Vuli pia haikusalimika. Imefanywa kuwa majira ya majani kupukutika, ingawa kwa mkulima wa Kenya ndiyo mvua ya Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda na majani kuchipua. Maneno matatu yamebandikwa maana tatu za kigeni, na kila moja limepoteza sehemu ya ukweli wake.

Kosa hilo lina chimbuko lake. Majira manne ya Ulaya hupangwa kwa kufuata joto na baridi, lakini majira ya Waswahili yalipangwa kwa kufuata upepo na mvua. Hata neno msimu lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno ambalo Wareno walilichukua na Waingereza wakalirithi kuzitaja pepo za Bahari ya Hindi. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ikitoka upande wa kaskazini-mashariki. Ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi hushika takriban Aprili, ikapata nguvu katikati ya mwaka, na ndiyo iliyovirudisha vyombo hivyo makwao. Baina ya pepo hizo mbili huwapo maleleji, kipindi ambacho upepo hauna mwelekeo thabiti, ambacho mabaharia hukiita pia tanga mbili. Kusi inapolegea kuelekea mwisho wake huingia demani, msimu wa upepo wa wastani, na jina hilo hilo ni la kamba ya tanga na la upande wa chombo usioelekea upepo. Pepo hizi zimekita mizizi katika lugha kiasi kwamba hakuna Mswahili awezaye kutaja dira bila kuzitaja, kwa kuwa kaskazini na kusini si kitu ila kaskazi na kusi zilizoongezwa kiambishi cha mahali.

Ndani ya mfumo huo wa mwaka mzima upo mfumo wa siku, na hapa ndipo pwani ya Kenya na Florida zinapokutana. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na kuelekea alfajiri upepo mwanana hutoka bara kwenda baharini. Kamusi za shuleni humweleza mwanafunzi kwamba umande ni matone ya maji juu ya majani, na maelezo hayo ni sahihi. Lakini katika usemi wa mabaharia umande ni upepo huo wa bara pia, ambao mvuvi wa ngalawa au mashua hutoka nao. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto, na upepo hugeuka ukatoka baharini. Mvuvi hurejea nao alasiri tanga likiwa limejaa. Kuna na matlai, upepo wa asubuhi utokao mashariki, ambao jina lake la Kiarabu hutaja mahali pa kuchomozea. Kanuni hizi za joto na hewa, ambazo mwalimu wa jiografia huzieleza kwa mishale ubaoni, zilikuwa zimekwisha kupewa majina katika Kiswahili. Kinachosikitisha ni kwamba mwalimu huyo hufundisha kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili, katika chumba cha pili, huyafundisha majina hayo kama msamiati wa kale, ikiwa huyafundisha kabisa.

Atakayedhani kwamba huu ni ugomvi wa wanakamusi na autazame mkoa wa ziwa. Ziwa Viktoria nalo lina upepo wake wa mchana na wa usiku, kwa sababu zile zile. Mchana upepo hutoka ziwani ukapanda miinuko ya mashariki, na mvua za radi na mawe huiangukia Kericho na Nandi alasiri. Usiku mambo hupinduka. Pepo za nchi kavu huteremka kutoka kila upande, zikakutana juu ya maji, na ngurumo huanza ziwani saa zile zile ambazo wavuvi wa omena wako kazini na taa zao. Wengi wamefia humo. Kati ya mwaka 2017 na 2020, mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulishughulikia utabiri na maonyo ya mapema kwa ajili ya watu wa ziwa hilo. Lakini utabiri, hata uwe wa kitaalamu namna gani, humfikia mvuvi kwa maneno. Onyo lisemalo tu kwamba kutakuwa na upepo mkali halimwambii unatoka wapi, utageuka saa ngapi, wala kama una radi ndani yake.

Pwani nayo ilipata mtihani wake mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Tanzania na kufika kisiwani Mafia tarehe 4. Wakati kama huo msikilizaji anahitaji kujua tofauti ya kimbunga, tufani, dhoruba na chamchela. Katika insha za wanafunzi, maneno hayo manne hutumiwa kana kwamba ni visawe vya kupamba sentensi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba lugha hai hubadilika, kwamba kijana anayefuatilia kandanda ya Ulaya ameshazoea kusikia dirisha la usajili la kiangazi, na kwamba haiwezekani kulirudisha nyuma neno lililokwisha kwenda. Hoja hiyo ina uzito wake. Neno lina haki ya kupanuka maana. Lakini kupanuka ni jambo moja, na kuhama nyumba na kuacha mlango wazi ni jambo jingine. Pale ambapo maana mpya inaipinga ya zamani, na wote wawili, mvuvi na mwanafunzi, wako hai na wanasikiliza redio moja, mfasiri hana budi kuchagua. Tena njia ya kuchagua ipo. Watangazaji wa idhaa za Kiswahili za ng'ambo wamezoea kusema majira ya joto na majira ya baridi, semi zinazoeleweka bila kumnyang'anya mtu yeyote msimu wake.

Hatua tatu zinafaa kuchukuliwa. Kwanza, kamusi zitenganishe wazi maana ya mwambao na maana ya kukopa, zikitaja miezi, mwelekeo wa upepo na mahali. Pili, idara za Kiswahili vyuoni ziwatume wanafunzi Lamu, Vanga, Kipini na hata fuo za ziwa, wakarekodi istilahi za upepo na mvua kutoka kwa manahodha na wavuvi, maana vyombo vya injini vinavyozidi kuenea havimlazimishi kijana kuujua upepo kama baba yake alivyoujua. Tatu, wanafunzi wa tafsiri washirikiane na watabiri wa hali ya hewa katika kuandaa matangazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna maana kubwa ikiwa onyo la dhoruba hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha likafasiriwa kwa haraka na mtu asiyetofautisha kusi na kaskazi.

Vyama vya Kiswahili vimepigania kwa miaka mingi istilahi za sayansi, na pengine vimechosha akili kuunda maneno ya vitu ambavyo Waswahili hawakuwahi kuviona. Ni haki kuunda. Lakini ni aibu kuunda jina la upepo katika lugha iliyozaliwa ikitweka tanga. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya Kiswahili bado ina shehena. Kazi iliyobaki ni kushuka na kuipakua, mapema, kabla mawingu hayajafunga.